Nguzo ya Kumi na Sita

Watu wa Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, walimwita Vital "Treni", wala hawakumpa jina hilo kwa dhihaka. Ni miaka mingi sasa tangu gari-moshi la mwisho lipite katika lile tawi la reli linaloanzia kwenye ghala la zamani na kukata katikati ya nyumba na mashamba yetu. Vyuma vimefukiwa na udongo mwekundu, kabichi zinalimwa kati ya mataruma, na mbuzi hulala pale ambapo zamani mtu hakuthubutu hata kusimama. Kwa hiyo kijana huyo alipoanza kupita hapo kila Jumamosi asubuhi, akitoa mvuke mdomoni kwa baridi ya mwezi wa sita, watoto walitoka nje na makopo yao wakayapiga na kuimba: "Treni inapita! Mutoke mu njia! Treni inapita!"

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na diploma ya Serikali aliyoitunza ndani ya mfuko wa plastiki ili isiliwe na unyevu. Kazi hakuwa nayo. Katika mji ambao ardhi yake inachimbwa usiku na mchana na kupakiwa kwenye malori yanayojipanga hadi mpakani Kasumbalesa, kijana aliyesoma hana mlango wa kubisha kama hajui jina la mtu aliye ndani. Mwaka huo mlango mmoja ulionekana. Kampuni moja ilitangaza kwamba kila mkazi atakayemaliza marathoni ya jiji, mwezi wa tisa, kwa muda usiozidi saa tatu na nusu, ataingizwa katika timu yake ya riadha. Na anayeingizwa katika timu huandikwa kazini. Kwamba diploma haimpi mtu kazi lakini miguu inaweza kumpa, hilo ni jambo ambalo wakubwa wa mji huu wangepaswa kulionea aibu. Vital hakuwa na nafasi ya kuona aibu kwa niaba yao. Alikuwa na miguu mizuri, na baba aliyejua kuifundisha, au aliyeamini kwamba anajua.

Léonard, baba yake, alizaliwa kaskazini, upande wa Kongolo, katika familia ya Kikatoliki iliyolishwa na reli kwa vizazi viwili. Yeye mwenyewe aliongoza kikosi cha matengenezo ya njia huko juu, mbali na mji, mpaka siku toroli la mafundi lilipomponda goti. Alirudi Lubumbashi na mkongojo, saa ya mfukoni yenye mfuniko, na imani moja aliyoiongeza juu ya zile alizofundishwa na mapadre: kwamba nguzo za reli hazisemi uongo.

Nguzo hizo ni vipande vifupi vya zege, vinavyomfika mtu magotini, kila kimoja na namba iliyochongwa usoni. Zilisimikwa kila baada ya kilomita moja, kuanzia kwenye ukuta wa ghala. Watu wa reli huziita borne. Zile za tawi letu zilipimwa na marehemu baba yake Léonard.

"Papa yangu alipimaka hii njia na munyororo ya chuma," mzee alipenda kusema. "Na Muzungu alikuwa anafuata nyuma anapima tena. Hakukuta kosa hata moja. Hata moja, Vital! Alikasirika mpaka akarudia ku nyumba."

"Alikasirika juu ya nini, papa, kama kazi ilikuwa muzuri?"

"Juu ilikuwa muzuri."

Nyumba yao ilikuwa karibu na nguzo ya nne. Aliyeijenga ni Adolphine, mama wa Vital, peke yake na watoto, wakati mume alikuwa kazini kaskazini. Siku Léonard alipokuja kuiona kwa mara ya kwanza, alikuta nguzo imesimama wima nje tu ya ua, upande wa kuelekea mjini, hatua chache kutoka jikoni. Aliivulia kofia. Alimwambia mke wake kwamba amechagua kiwanja kama mtu wa reli hasa. Adolphine alimshukuru, akaenda kusonga bukari, ugali wa kwetu.

Tangu mwezi wa tano, basi, mzee alimjenga mtoto wake kwa nguzo. Majuma mawili umbali ulipanda, juma la tatu ulishuka ili mwili upumzike, kisha ukapanda tena kupita pale ulipofikia. Siku za kati Vital alikimbia mbio fupi tu. Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Alishuka polepole hadi kwenye ghala, akaugusa ukuta, akageuka na kuifuata njia hadi kwenye nguzo aliyoagizwa, akaigusa, akarudi. Alipopita mbele ya ua wao, akienda na akirudi, Léonard alikuwa hapo kwenye kiti cha plastiki, saa imefunguliwa kiganjani.

"Leo ni borne ya kumi," alimwambia asubuhi moja. "Unaigusa na mukono, kisha unarudia. Kama haukuigusa, haukufika."

"Na kama imbwa ya kwa Kasonde inanikimbiza tena?"

"Njo muzuri. Ile imbwa iko entraîneur, mwalimu wa pili, na haiombe hata bukari."

Ilikuwa kazi ngumu, na nisingependa msomaji adhani vinginevyo. Vital alikutana na wauza makala, makaa ya kupikia, wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao wenyewe. Walimpisha kama watu wanaotambua mzigo. Vumbi la kiangazi liliingia kwenye koo na kukaa humo hadi jioni. Baada ya nguzo ya kumi na mbili mapaja yalikuwa mazito, na baada ya ile ya kumi na tatu alianza kuzungumza na miguu yake kwa sauti. Jumapili, kwenye misa, alipopiga magoti alilazimika kuinuka kwa kushika benchi la mbele. Lakini kila mara umbali uliomuumiza mwezi huu ulimtii mwezi uliofuata, na jambo hilo lilimpa furaha ambayo hakuwahi kuipata shuleni.

Na muda wake ulikuwa wa ajabu. Léonard aliandika hesabu kwa ncha ya mkongojo kwenye vumbi, akaifuta, akaiandika tena.

"Mama Vital! Kuya uone! Kama anashika hii mbio, atamaliza mbele ya saa mbili na nusu. Unasikia? Mbele ya saa mbili na nusu!"

"Ninasikia," Adolphine alijibu kutoka jikoni. "Hata ku Kasumbalesa banasikia."

Hakutoka kuona hesabu. Hakutoka hata siku moja.

Karibu na ghala la zamani kulikuwa na depo la unga na mafuta la mama mmoja mfanyabiashara kutoka Butembo, jina lake Katungu. Daktari alikuwa amemwamuru apunguze mwili kwa sababu ya shinikizo la damu, naye alilitii agizo hilo kama anavyotii kila kitu alicholipia: kikamilifu. Kila asubuhi alikimbia kidogo kwenye reli, kitenge kikiwa kimefungwa juu ya suruali ya michezo, na mkononi alivaa saa kubwa nyeusi aliyoinunua Dubai alipokwenda kuleta bidhaa. Siku moja mwishoni mwa mwezi wa nane alimfuata Vital hadi nguzo ya tatu, akasimama, akashika mbavu.

"Vital, mutoto yangu, ngoja kwanza. Hapa ni kilomita ngapi?"

"Tatu, mama Katungu. Borne iko hapa."

"Iyi saa inasema mbili na kitu."

"Ni saa ya Dubai, mama."

"Iyi saa inasikilizana na satelite. Borne yako inasikilizana na nani?"

"Na babu yangu."

Katungu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaivua saa, akamfunga Vital mkononi yeye mwenyewe. "Jumamosi ni mpaka wapi?"

"Kumi na sita. Kwenda na kurudi, thelathini na mbili. Ni ya mwisho, kisha tunashusha mpaka siku ya mashindano."

"Enda nayo. Ukirudi, tutaona nani mwongo."

Hiyo Jumamosi alikimbia vizuri kuliko siku zote. Nguzo ya kumi na sita ilisimama nje ya ua wa mzee mmoja aitwaye Pierre, aliyeitumia kukalia akiwa anatengeneza viatu vya watu. Pierre aliinua makalio kwa adabu, Vital akaigusa, Pierre akakaa tena. Alipopita nyumbani akirudi, Léonard alisimama bila mkongojo. Alipofika ghalani, Katungu alikuwa akimsubiri mlangoni. Aliisoma saa. Akamwonyesha Vital.

Thelathini na mbili za babu yake zilikuwa ishirini na tano.

"Imeharibika," Vital alisema.

"Labda. Kesho kutwa tutaipima ku fasi ingine."

Waliipima kwenye barabara kubwa ya malori, kati ya vibao vipya vya kilomita. Kutoka kibao hadi kibao, saa ilikubaliana na barabara kila mara. Vital alikusudia kuendelea, alipe siku hiyohiyo zile kilomita ambazo miguu yake haikuwahi kuzikimbia. Lakini barabara ile haina ukingo. Waliojenga njia ya malori ya shaba hawakufikiri kwamba binadamu pia ana miguu. Malori mawili yalikuwa yakipitana. La pili likashika upande wake wote na upande wa Vital, naye akaruka ndani ya mtaro, akatoka humo na goti linalovuja damu na mdomo uliojaa mchanga. Katungu, aliyekuwa nyuma juu ya pikipiki ya kukodi, alimwita arudi.

"Utanifia hapa, na mimi nitamwambia mama yako nini?"

Zilibaki wiki tatu. Mtu yeyote aliyewahi kujiandaa kwa mbio ndefu anajua maana yake. Katika wiki tatu za mwisho mwili haujengwi tena, unapumzishwa tu. Umbali ambao haukuwekwa miguuni kufikia hapo hauwezi kununuliwa wala kuombwa.

Vital alikwenda kwa Pierre, si kwa mbio safari hii. Alimkuta amekalia nguzo, kiatu cha mwanamke katikati ya magoti.

"Papa Pierre, hii borne ilikuwa hapa tokea zamani?"

"Hii?" Pierre alitazama chini, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Hapana. Ilikuwa mu parcelle, mu kiwanja yangu, mu katikati, fasi nilitaka kuweka nyumba. Mimi nilisukuma kidogo tu. Na mbele yangu, jirani yangu Marceline alikuwa aliisukuma. Ilimukuta mu shamba yake ya mihogo."

"Juu ya nini hamukuivunja tu?"

Pierre alishtuka kweli. "Kuvunja kintu ya reli? Unataka banifunge? Mi niko muntu wa sheria."

Ndipo Vital alipoelewa. Nyumba za Kasungami hazikuenea kutoka mjini kwenda nje. Watu wa kwanza walijenga huko mbali, karibu na barabara kubwa, kisha waliofuata wakarudi nyuma wakifuata reli kuelekea mji. Kila aliyeuziwa kiwanja na kukuta nguzo ndani yake aliogopa kuivunja, maana ni mali ya Serikali. Akaing'oa usiku au mchana, akaisimamisha upya kwa heshima nje ya mpaka wake, upande ambao haujakaliwa bado. Mwaka uliofuata mtu mwingine alinunua upande huo. Hivyo, kwa miaka ishirini, nguzo zilitembea kuelekea mjini, kiwanja baada ya kiwanja, na hakuna hata mmoja aliyeiba. Waliouza ardhi ya reli walijua wanauza nini. Waliotia mihuri walijua wanapiga muhuri juu ya nini. Wenye reli hawakutuma hata mtu mmoja kuja kuangalia. Leo ukitaka kushtaki, utamshtaki nani? Mshona viatu aliyeogopa sheria kuliko wale walioitunga?

"Papa Pierre, ninaomba tuirudishe fasi yake."

"Fasi gani? Ile fasi iko jiko ya muntu sasa." Pierre alirudisha sindano kwenye ngozi ya kiatu. "Na kama unaanza kurudisha, Treni, anzia ku kwenu. Uliza mama yako ile borne ya ine ilikutana wapi."

Vital hakuhitaji kuuliza. Njiani kurudi alilikumbuka jambo ambalo siku zote lilikuwa kichwani mwake kama mchezo: mama na shangazi wawili, gongo la chuma, kamba, kicheko kingi, na yeye mdogo amepanda juu ya jiwe la zege wakimwambia ashuke. Hata hivyo aliuliza. Alimkuta Adolphine peke yake, akichambua mboga za lengalenga.

"Mama, borne ya ine ilikuwa wapi?"

Mikono ya Adolphine ilisimama. Alitazama kwanza mlangoni, kisha akaelekeza kidevu chake kwenye mafiga ya jiko.

"Hapa. Na mi ningeweka jiko wapi? Mu njia? Baba yako alikuwa ku kazi Kabalo, mvua ilikuwa karibu, nilikuwa na ninyi batoto bane." Sauti yake ilishuka. "Siku alifika akaivulia kofia. Unasikia, Vital? Kofia. Ningemwambia nini mutu anavulia kofia?"

"Lakini mama, ananifundisha na zile borne. Mashindano iko karibu."

"Ninajua."

"Ulijua tokea mwezi wa tano?"

"Nilijua yetu tu! Nilisema mu roho: ni hatua kidogo, haitamuzuia mutoto. Sikujua bote bamefanya." Alifuta macho kwa kiganja chenye maji ya mboga. "Ukimwambia, hatakasirika. Angekasirika, ningefurahi. Atanyamaza. Goti walimuondoa, kazi walimuondoa. Amebaki na ile kazi ya papa yake. Ukimuondoa na ile, atakaa ku kile kiti kuangalia nini?"

Vital alitaka kusema kwamba yeye pia ana kitu kinachoondolewa. Tunawafundisha watoto wetu kwamba kumsahihisha mzazi ni kumvunjia heshima, kisha tunashangaa kwamba makosa yetu yanarithiwa yakiwa kamili kama nyumba. Nimeona kijana wa miaka ishirini na saba, mwenye akili na diploma, akisimama mbele ya mafiga matatu bila neno hata moja analoruhusiwa kulitamka.

Aliyempa tumaini ni Katungu. Alipiga hesabu zake kama anavyopiga za magunia.

"Sikia. Hauko tayari kwa ile mbio ya papa yako. Lakini saa tatu na nusu, ukienda polepole, polepole kweli, inawezekana. Wacha bantu bakupite. Wacha hata wazee bakupite. Ukifika ku thelathini ungali na miguu, zile za mwisho utazitambaa hata na magoti. Lakini ukianza na mbio ya papa, umekwisha. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Siku ya mashindano jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Vital alianza kama alivyoapa. Mamia walimpita, mama mmoja mnene mwenye kofia ya chama alimpita, akamgeukia akamwambia kama mtoto, "Petit, umelala?" Alitabasamu. Aliihesabu pumzi yake, akaiona shwari, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya saa ile aliona kwamba anaweza kufika.

Baada ya kilomita chache barabara ilipinda kidogo kushoto, na pale kwenye kivuli cha duka aliwaona. Majirani walikuwa wamembeba Léonard kwa toyota ya mtu, pamoja na kiti chake cha plastiki. Alivaa koti la sikukuu. Saa ilikuwa wazi kiganjani. Kwa dakika nyingi alikuwa akiwaambia wote: angalieni wa mbele, atakuwa na wa mbele. Wa mbele walipita. Wa katikati walipita. Pembeni yake Adolphine alisimama na chupa ya maji, uso wake umefungwa.

Léonard alimwona mtoto wake katika kundi la wanaojikokota, akainuka kwa mkongojo.

"Vital!" Sauti ilikuwa ile ya kikosi cha njia, ile inayovuka bonde. "Ni mbio gani hii? Nilikufundisha kutembea? Uko mugonjwa?"

Majirani waliitikia kwa kicheko, "Treni imeharibika, imepata panne! Treni imekosa makala!"

Mzee hakucheka. Aliinua saa juu ili mtoto aione, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Palikuwa na hofu tupu, ya mtu anayetazama kitu alichokijenga kikianguka bila sababu. "Vital, mutoto wangu, ni nini? Zile borne zote ulizigusa!"

Vital alimtazama mama yake. Adolphine alifungua mdomo. Nitaamini mpaka kufa kwamba alitaka kusema. Kisha akaufunga, akampa chupa.

Hapo angeweza kupita. Ilikuwa kazi ya kichwa tu: kuinamisha macho, kuhesabu pumzi, kuacha kicheko kibaki nyuma. Lakini asingeweza kupita bila kumwacha baba yake katikati ya barabara na swali lile mikononi, mbele ya watu wote, na swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Alirudisha chupa. Aliongeza mbio.

Walimshangilia. Alimpita mama mnene mwenye kofia. Aliwapita wengine kumi, wengine ishirini. Nyuma yake alisikia sauti ya Léonard ikipanda, changa kabisa, kwamba ndiyo hiyo mbio yake: "Njo ile! Njo ile! Mumeona? Ni mjukuu wa ule mwenye munyororo!"

Alishika mbio hiyo kwa sababu hakujua tena namna ya kuiacha. Kila kona alidhani watu wa Kasungami wako hapo. Ishirini ilipita kama Jumamosi nzuri. Kwenye ishirini na tano, palepale ambapo mwili wake ulikuwa umezoea kugusa ukuta na kupumzika, miguu ilimwuliza kwa nini wanaendelea. Aliilazimisha. Muda si mrefu baada ya hapo mapaja yalikaza kama kamba iliyolowa ikakauka. Alitembea, akajaribu kukimbia, akatembea tena. Wale aliowapita walimpita mmoja mmoja, hata yule mama, ambaye safari hii hakumtania bali alimgusa bega. Kabla ya kibao cha thelathini na mbili aliketi kwenye ukingo wa barabara. Katungu, aliyekuwa akimsubiri pale na ndizi na maji ya chumvi, hakumgombeza. Alimfunika kichwa kwa kitenge chake ili watu wasimwone usoni, akasimama mbele yake mpaka basi la kuokota walioshindwa likafika.

Jioni, nyumbani, Vital aliweka miguu ndani ya karai la maji ya vuguvugu. Léonard alivuta kiti akakaa mbele yake.

"Niliona miguu," mzee alisema. "Miguu ilikuwa muzuri. Pale tulikuona, ulipita kama umeme. Sasa niambie ni nini ilipungua."

"Sijui, papa."

"Borne zilisema unaweza. Ulizigusa zote?"

"Zote, papa."

"Borne haidanganye. Basi ni nani alidanganya?"

Jikoni, mwiko ulikuwa umeacha kugonga sufuria. Vital aliyatazama maji ya karai, yaliyokuwa mekundu kwa vumbi.

"Ni mie," alisema. "Ile siku ya borne ya kumi na sita sikuigusa. Nilichoka, nikarudia njiani."

Léonard alifunga macho. Bukari iliwekwa mezani. Kisha, polepole, uso wake ulianza kufunguka, kwa maana sasa alikuwa na sababu, na ilikuwa sababu anayoweza kuitengeneza.

"Basi ni kichwa tu," alisema. "Kichwa kinajengwa. Mwaka kesho tunaongeza mpaka kumi na nane."

Hakuna aliyejua kama mwaka kesho kampuni itatangaza tena. Nguzo ya kumi na nane sasa ni ngazi ya mlango wa kanisa dogo la maombi, na namba yake imeelekezwa chini.

"Ndiyo, papa," Vital alisema.

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, miguu ikiwa bado haijapona, watoto walisikika tena na makopo yao. Kijana alipita polepole mbele ya ua. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, saa imefunguliwa kiganjani, na Adolphine alikuwa ametoka jikoni kwa mara ya kwanza, akisimama karibu na nguzo ya nne. Alikuwa ameifunika kwa nguo alizozianika, hata namba haikuonekana.